Mtoto kajifungia ndani na mawazo, uanzie wapi

Kwanza usimwambie "acha kudeka". Mtoto wa miaka 10 mpaka 15 mara nyingi hasemi ana huzuni, atakwambia tumbo linauma, chakula hali, usiku halali. Kaa nae mkiwa mnafanya kazi, mfano mnachambua mchele, maana macho yakiwa kwenye sinia maneno yanatoka yenyewe, we sikiliza tu usikimbilie kumshauri.

Mfundishe kupumua: mkono juu ya tumbo, avute hewa taratibu tumbo lipande, atoe polepole, dakika chache kila siku sio siku ya kilio tu. Halafu mchague kitu kimoja kidogo alichokua anapenda akirudie, hata kucheza rede robo saa.

Hivi ndo vitu vilivyomo kwenye EASE, programu ya kusaidia watoto wenye huzuni na mawazo, ya Shirika la Afya Duniani (WHO) na UNICEF, iliyotoka 2023, vikao 7 vya watoto na 3 vya wazazi (wazazi wenzangu na sisi tunafundishwa jamani!), na imefanyiwa majaribio hata kwa wakimbizi wa Burundi hapa Tanzania.

Akitaja kutaka kufa usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Namba ya bure ya watoto ni 116.