Kuomba Universal Credit Uingereza: viza, kiwanja cha nyumbani na safari ya msiba

Wengi wetu Uingereza tunaishi kwa zamu. Wakala akipunguza saa za kutunza wazee, au ghala likisimamisha watu kwa wiki chache, kodi ya nyumba haisubiri. Hata hivyo mtu atakopa kwa wenzake mpaka milango ifungwe kabla hajaomba msaada wa serikali kama Universal Credit, malipo ya kila mwezi kwa wenye kipato kidogo au wasio na kazi. Anaona aibu, au anaogopa kuharibu makaratasi yake. Aibu iweke kando, kwa sababu kodi unayokatwa kwenye mshahara ndiyo inayogharamia misaada hii. Suala la makaratasi ndilo la kuanza nalo.

Kabla ya kugusa fomu yoyote, fungua eVisa yako, yaani rekodi ya viza yako mtandaoni, usome masharti yake. Ukikuta maneno "no public funds" au "no recourse to public funds", yaani huruhusiwi kupokea misaada ya serikali, usiombe Universal Credit. Viza nyingi za wanafunzi na za kazi, ikiwemo ya wahudumu wa afya na matunzo, zina sharti hilo, na kulivunja kunaweza kukuletea matatizo unapoongeza muda wa kukaa. Kwa kawaida sharti huondoka ukipata ukaazi wa kudumu, na aliyepewa hadhi ya ukimbizi hana sharti hilo.

Lakini sharti hilo halifungi kila mlango. Shule ya serikali haimo kwenye orodha ya "public funds". Posho ya ugonjwa au ya uzazi inayolipwa na mwajiri haimo pia, wala New Style Jobseeker's Allowance, posho ya anayetafuta kazi, ambayo hutegemea michango yako ya National Insurance (bima ya taifa inayokatwa kwenye mshahara). Kama viza yako ni ya familia na umefikia kukosa chakula au makazi, unaweza kuiomba Home Office, wizara inayosimamia uhamiaji, iondoe sharti, na ombi hilo halina ada. Mwenye watoto walio katika shida, kwa England, aende kwa kaunsili (halmashauri ya eneo lake) ataje kifungu cha 17 cha Children Act ya 1989, sheria ya watoto. Kifungu hicho kinamlinda mtoto hata kama viza ya mzazi ina vikwazo. Mume au mke mwenye haki, aliyeoana na mwenye sharti, anaweza kuomba na atahesabiwa kama mtu mmoja. Hapo pata ushauri kwanza.

Ukishajua una haki, usichelewe. Ombi hufanywa kwenye tovuti ya gov.uk, na siku inayohesabika ni ile unayotuma ombi lililokamilika, si ile uliyofungua akaunti. Ukifungua akaunti ukaiacha siku 28 bila kutuma, unaanza upya. Malipo ya kwanza huchukua kama wiki 5. Ukishindwa kusubiri, omba malipo ya awali, ila ujue ni mkopo usio na riba utakaokatwa kwenye malipo yako kwa muda wa hadi miezi 24. Andaa mkataba wa pango, akaunti ya benki, kitambulisho na hati za mshahara. Kiingereza kikikusumbua, omba mkalimani. Ni haki kuomba, na ni salama kuliko kumtumia mtoto wako kutafsiri habari za madeni ya nyumbani. Citizens Advice, shirika la kutoa ushauri, wana huduma ya bure inayoitwa Help to Claim, watakaokushika mkono mpaka malipo ya kwanza. Kwa England namba ni 0800 144 8444.

Panapotuumiza sisi hasa ni swali la mali. Ukiwa na akiba inayozidi pauni 16,000 hupati kitu. Kati ya 6,000 na 16,000, malipo hupungua. Watu hujibu wakifikiria akaunti ya benki ya Uingereza tu, lakini mali iliyoko nje inahesabiwa: kiwanja cha Kigamboni, nyumba ya kupangisha Kitengela, akiba ya SACCO, fedha zilizomo kwenye M-Pesa. Kinachopimwa ni bei ya soko, baada ya kutoa deni lililowekewa dhamana ya mali hiyo, na asilimia 10 pale ambapo kuuza kungekuwa na gharama. Ardhi mnayomiliki kwa pamoja, huhesabiwa fungu lako. Nyumba anayoishi mama yako aliyefikia umri wa pensheni inaweza kuachwa kabisa nje ya hesabu. Kwa hiyo taja kila kitu na ueleze nani anaishi humo. Kumwandikisha kaka kiwanja ili ustahiki ni kosa, na utahesabiwa kana kwamba bado ni chako.

Kama wewe ni mweka hazina wa chama, acha kupitishia michango ya wanachama kwenye akaunti yako binafsi. Zikikaguliwa taarifa za benki, itakubidi uthibitishe kwa maandishi kwamba fedha zile ni za watu. Na fedha unazotuma nyumbani kila mwezi hazipunguzi kipato chako machoni pao, hata kama zinalipa ada za wadogo zako. Hilo linauma, najua, lakini ndivyo sheria ilivyo.

Kisha safari. Unaruhusiwa kuwa nje ya nchi hadi mwezi mmoja huku malipo yakiendelea, mradi utoe taarifa na masharti yako ya kutafuta kazi yaendelee kutimizwa au usamehewe. Ukifiwa na mwenzi, mtoto, mzazi au ndugu wa kuzaliwa, unaweza kuongezewa mwezi wa pili ikiwa si busara kutarajia urudi mapema. Arobaini huangukia ndani ya mwezi huo wa pili, basi omba nyongeza mapema. Baba mdogo, shangazi na bibi hawamo kwenye orodha, hata kama ndio waliokulea. Andika kwenye akaunti yako ya Universal Credit kabla ya kupanda ndege: nani amefariki, unaondoka lini, unarudi lini.

Kitu kimoja wengi hukisahau: punguzo la Council Tax, kodi ya makazi inayolipwa kwa kaunsili, haliji pamoja na Universal Credit. Linaombwa kwa kaunsili, kwa fomu yake. Omba yote mawili wiki hiyohiyo.

Ukikataliwa, una mwezi mmoja kuanzia tarehe ya barua kuomba uamuzi uangaliwe upya. Wakishikilia msimamo, una mwezi mwingine wa kukata rufaa kwenye baraza la rufaa, ambalo ni huru na halitozi ada. Hata mtu aliyezaliwa au kupewa uraia Uingereza, akirudi baada ya miaka mingi Nairobi au Muscat, anaweza kuambiwa hajathibitisha kwamba makazi yake ni hapa. Mkataba wa pango, usajili wa watoto shuleni, daktari wa mtaa na tiketi ya kuja ya upande mmoja ndivyo vielelezo vya kupeleka.