Usihesabu vifaranga, hesabu kuku kamili

Bei ya vifaranga wa kuku wa nyama ikishuka tu, simu yangu haipoi: "Bwana mifugo, nichukue boksi mbili?" Nami huuliza, chakula umeshanunua?

Kifaranga bila chakula ni jembe bila mpini. Kuku mmoja wa nyama hula takribani kilo 3.5 mpaka afikishe kilo 2 hivi kwenye wiki ya 5. Kwa hiyo unachonunua ni seti: kifaranga, kilo zake 3.5, chanjo, randa ya mbao ya kutandika sakafuni na mkaa wa bruda, yaani chumba cha joto cha vifaranga.

Tuseme kifaranga ni shilingi 1,800 na mfuko wa chakula wa kilo 50 ni 75,000. Chakula cha kuku mmoja ni 5,250. Ongeza 450 za chanjo, randa na mkaa, seti inafika 7,500. Mwenye 750,000 anafuga kuku 100, basi.

Tamaa ikimshika akachukua 200, vifaranga peke yao ni 360,000, chanjo na mkaa 90,000. Zinabaki 300,000, yaani mifuko minne, kilo moja kwa kila kuku. Hicho chakula hakivuki wiki ya 3. Mabanda ya hivyo nimeyaingia: sahani zinang'aa, kuku wanaparua randa kutafuta punje zilizomwagika, wengine wamedonoana mikia hadi damu. Mwenye banda anawachanganyia pumba tupu ili siku zisogee. Siku zinasogea kweli, uzito umesimama. (Wa kienyeji hesabu yao nyingine, wale hujitafutia.)

Sasa turudi kwenye ile bei iliyoshuka. Kifaranga akiuzwa 1,200, seti inakuwa 6,900, na 750,000 ile ile inakupa kuku 108. Wanane tu! Kifaranga kapungua theluthi nzima, lakini tumbo lake liko pale pale. Mfuko nao ukipanda hadi 85,000, kifaranga akibaki 1,800, unashuka hadi kuku 91. Ndiyo maana mimi huulizia bei ya mfuko kwanza, ya kifaranga baadaye.

Chakula cha kuanzia kiwe stoo kabla boksi halijafika, na pesa ya chakula cha kumalizia itengwe kando, isiguswe hata kwa ada. Na wale wanane wa nyongeza, kama chupa yako ya chanjo ni ya dozi 100, waache kwa muuzaji.