SOMO: Mahekalu 88 ya Shikoku kwa miguu, mkiwa wawili

Wakuu, swali la "tunaanzaje Shikoku tukiwa wawili" limeulizwa mno. Najibu hapa mara moja. Hii ni hija ya mahekalu 88 ya Kibudha katika kisiwa cha Shikoku, Japani. Njia ni kilomita 1,200 hivi kuzunguka kisiwa, siku 40 hadi 50, kwa kumfuata mtawa Kukai (774–835), anayeitwa Kobo Daishi, au Daishi tu.

1. Anzieni Ryozenji, hekalu la 1. Kizibao cheupe, kofia na fimbo vinauzwa hapo hapo.

2. Kila mtu na kitabu chake cha mihuri, kinachopigwa muhuri kila hekalu. Muhuri yeni 500, taslimu. Ofisi ni saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni.

3. Hekaluni: inamieni lango, naweni, washeni mshumaa na udi, salini ukumbi mkuu kisha ukumbi wa Daishi, ndipo muhuri. Kengele hugongwa mkiingia, KAMWE si mkitoka.

4. Hekalu la 11 hadi la 12, Shosanji. Hapa niliharibu, someni mara mbili. Ni kilomita 13 tu, lakini ni saa 6 hadi 8 za mlima, na hakuna duka. Mwepesi wa mwendo akitangulia, mzito wa mwendo humfukuzia na magoti huisha siku hiyo hiyo. Mzito atangulie. Mkiachana, subirianeni kwenye vibanda vya ibada: Chodo-an, Ryusui-an, Joren-an. Msigawane mzigo kwa mtindo wa "wewe maji, mimi chakula": kila mtu abebe maji lita 2, chakula, simu, pesa na anwani ya malazi kwa Kijapani. Joren-an pana sanamu kubwa ya Daishi chini ya mti mkubwa, na wengi hudhani wamefika. Bado! Njia inashuka hadi kijijini, kisha inapanda upya, na mteremko huo ndio unaoua magoti. Ondokeni alfajiri.

5. Malazi: pigeni simu siku moja kabla. Mkiahirisha, semeni mapema, chakula kimeshapikwa.

MASWALI

– Mkuu, muhuri bei gani?
Hatua ya 2.

– Kwa gari siku ngapi?
Kama 10. Somo hili ni la miguu.

– Nimesikia fimbo haigongwi darajani. Kwa nini?
Swali zuri, dada. Inasimuliwa kwamba Daishi alilala chini ya daraja huko Ozu, Ehime, kwa hiyo fimbo huinuliwa asiamshwe. Fimbo yenyewe ndiyo Daishi: maneno "dogyo ninin" yaliyoandikwa juu yake maana yake wawili safarini, wewe na yeye. Ndiyo maana mkifika malazi mnaosha ncha ya fimbo kabla ya miguu yenu.

– Wenyeji wakitupa zawadi tukatae?
Hapana. Hiyo ni osettai, desturi ya kuwakirimu mahujaji. Pokeeni kwa mikono miwili, kila mmoja atoe karatasi yake ya jina. Karatasi huwa nyeupe kwa anayezunguka mahekalu mara ya kwanza hadi ya nne.

– Naongezea: kutoka hekalu la 37 hadi la 38 ni zaidi ya kilomita 80. Malengelenge yatibuni kabla ya hapo, na soksi zibadilisheni mchana.
Asante mkuu. Soksi za vidole ndizo bora.