Kurekodi mafunzo ya Kdenlive (programu ya kuhariri video) kwa wasioweza kuhudhuria

Rekodi skrini kwa OBS Studio, ambayo ni ya bure. Kabla ya kuanza, shusha ukubwa wa skrini hadi 1280 kwa 720. Usipofanya hivyo maandishi ya menyu hayasomeki kwenye simu, na wengi watatazama kwa simu. Hifadhi kwa MKV, aina ya faili la video: umeme ukikatika katikati, MP4 ya kawaida huharibika yote, lakini MKV hubaki na sehemu iliyokwisha kurekodiwa. Ukimaliza, igeuze kuwa MP4 kwa Remux Recordings iliyo kwenye menyu ya File ya OBS, ubora haupungui.

Sauti mbovu humkimbiza mtazamaji kuliko picha mbovu. Weka maikrofoni shubiri moja kutoka mdomoni, zima feni. Taja kila kitufe unachobonyeza. Ukikata klipu kwa Shift+R kimyakimya, aliye mbali anaona tu klipu imegawanyika, hajui imekuwaje.

Gawa somo vipande vya dakika 5 hadi 10. Kwa kilobiti 1,000 za picha na 96 za sauti kwa sekunde, dakika 10 ni takribani MB 82.

Faili za mazoezi ndizo husahaulika. Faili la mradi wa Kdenlive halina video ndani yake, linakumbuka tu zilipo; ukilituma peke yake, mwanafunzi ataambiwa klipu hazipo. Tumia Archive Project kwenye menyu ya Project, ikusanye vyote pamoja. Kwa mazoezi, klipu 3 za sekunde 10 zinatosha.