Chagua picha tatu tu, uzitazame kweli

Mgeni akinifikia London humpeleka National Gallery, jumba la picha za kuchora pale Trafalgar Square, kwanza kwa sababu kuingia ni bure. Hufunguliwa saa nne asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, Ijumaa hadi saa tatu usiku. Mimi napenda Ijumaa jioni, maana makundi ya wanafunzi huwa yameshaondoka.

Usijaribu kuzimaliza picha zote. Baada ya vyumba vichache miguu inauma na watakatifu wote wanafanana. Chagua tatu: ya shamba, ya maji, ya mtu. Vibao vya maelezo viache kwanza.

Ya shamba, nenda kwa mchoraji Constable, The Hay Wain ya mwaka 1821. Ni mkokoteni wa farasi katikati ya mto Stour, mashariki mwa Uingereza. Tafuta mahali ardhi inapokutana na mbingu, kisha yasome mawingu: mvua inakuja au imeshapita? Constable alikuwa na kawaida ya kutoka nje akachora mawingu matupu, bila shamba wala mti. Sasa angalia wekundu kwenye mikanda ya farasi. Simama mbali, uuzibe kwa kidole, uone kijani chote kinavyopooza. Toa kidole, picha inachangamka. Halafu nenda upande wa kulia, mbali kabisa mbugani: kuna wavunaji wa majani, wadogo kama chawa. Wengi hupita bila kuwaona.

Ya maji ni The Fighting Temeraire ya Turner, 1839, na hapa mtu wa pwani ana la kusema. Uliza kwanza habari za upepo. Maji yametulia, matanga ya meli kubwa yamekunjwa, na inakokotwa na tagi ndogo nyeusi yenye dohani refu linalotema moto na moshi. Meli ile ilipigana vita vya baharini vya Trafalgar mwaka 1805. Mwaka 1838 ilishauzwa, ikawa inavutwa kutoka bandari ya Sheerness kwenda Rotherhithe, London, kuvunjwa. Kumbe siku hiyo milingoti ilikuwa imeshang'olewa, na tagi zilikuwa mbili! Turner akairudishia meli milingoti yake na tagi moja akaiacha nje. Jiulize angepata nini kwa kusema kweli: gogo la mbao lisilo na kichwa. Kwangu mimi huo ndio ufunguo wa picha za namna hii. Mchoraji hakuwa mpiga picha wa gazeti, kwa hiyo tafuta alichoongeza na alichoondoa.

Kisha sogea, usimame kwa ubavu, utazame jua linalotua upande wa kulia. Rangi pale ni nene, imevimba juu ya kitambaa. Ukilitazama kutoka mbele tu hutaliona hilo. Juu kushoto kuna mwezi mwandamo; weusi wa tagi nao unafanya meli ionekane nyeupe kuliko ilivyo. (Usinyooshe kidole karibu sana, walinzi wa pale hawana mzaha.)

Ya mtu, mtafute Rembrandt aliyejichora akiwa na umri wa miaka 63, mwaka 1669, mwaka uleule aliofariki. Wote hukimbilia macho. Wewe anza na mikono. Imefumbatwa, imechorwa kwa haraka, haisemi mengi. Picha za eksirei zimeonyesha kwamba mwanzoni alikuwa ameshika brashi, kisha akaifuta. Ukishajua hilo, panda usoni: paji na shavu vimejazwa rangi nzito, pua nono, ngozi imelegea. Hakujipendelea hata kidogo. Ndipo sasa usome kibao.

Kama London ni mbali, tovuti ya jumba hilo inakuruhusu kuivuta picha karibu hadi uone mipasuko ya rangi. Ila simu hudanganya ukubwa. Chukua futi ya fundi, uweke alama ukutani kwako: Constable ni sentimita 130 kwa 185 (kimo kwanza, kisha upana), Turner ni 91 kwa 122, na Rembrandt ni 86 kwa 71 tu. Rudi nyuma hatua tatu, halafu ndiyo ufungue simu.