Jinsi ya kumshawishi chalii wa injini ya gemu aachie demo yake watu wote waijaribu

Machalii wa Arusha wanaoandika injini zao za gemu, yani ile programu inayochora na kuendesha gemu, kuanzia sifuri wapo, sio wengi ila wapo, na stori zao zinafanana sana. Jamaa anarusha kavideo ka sekunde thelathini kwenye grupu, unaona jua la jioni linapenya kwenye migomba, vivuli vinatembea, maji yanaonyesha Mlima Meru kwa chini, watu wanamwaga emoji za moto, afu mmoja anauliza sa tunaipata wapi, jibu ni "bado kidogo wakuu", na hiyo bado kidogo inakula mwaka mzima. Mi hili linaniuma kweli. Video haiwezi kukwambia kama hicho kitu kitawaka kwenye laptopu yako ya mtumba yenye ramu ya giga 4, na dogo wa Kijenge au Ngaramtoni anayetaka kujifunza hii kazi anahitaji azungushe kamera mwenyewe, achungulie nyuma ya ule ukuta ambao video haikuonyesha.

Tatizo ni kwamba wengi tunamuomba vibaya hiyo demo, yani kipande kidogo cha watu kujaribu. Tunamwandikia "achia basi mkuu" mbele za watu, yeye akisoma anaona anadaiwa, anajificha. Mfate pembeni, inbox, umuulize swali moja tu, nini hasa kinakuzuia kaka? Afu nyamaza umsikilize mpaka mwisho, mana kila kizuizi kina dawa yake na ukimpa dawa ya ugonjwa ambao hana umempoteza.

Wapo wanaoogopa kuibiwa. Huyu mweleze taratibu kwamba hakuna anayemuomba soskodi, yani maandishi ya programu aliyoyaandika, tunaomba faili la kuwasha tu na vitu vyake. Kampuni ya id Software walitoa sehemu ya kwanza ya gemu lao la Doom bure Desemba 1993, dunia nzima ikacheza, soskodi yenyewe wakaja kuiachia 1997 kwa kutaka wenyewe. Ni mambo mawili tofauti kabisa, na ukiyatenganisha mapema unaona bega la mtu linashuka.

Wapo ambao kizuizi ni haki za vitu walivyotumia, na hapa usimsukume, yuko sahihi. Hata kampuni kubwa ya Epic Games yaliwahusu: The Matrix Awakens, demo yao ya mji iliyotokana na filamu ya The Matrix, waliitoa bure Desemba 2021 kwa PS5 na Xbox Series, Aprili 2022 wakawapa watengenezaji ule mji wenyewe kwa jina la City Sample, ila Neo na Trinity, wahusika wa ile filamu, hawamo ndani, na ile demo ya mwanzo ikaondolewa madukani Julai 2022. Kwaiyo mwambie tufanye hivo hivo, tubakishe kilicho chako. Kama gari amelitoa mahali na hajui leseni yake, litoke. Picha za kubandika kwenye udongo na kuta zipo kwenye tovuti za Poly Haven na ambientCG, kwa leseni huria ya CC0, anatumia na kusambaza bila kumuomba mtu, na hiyo kazi ya kutafuta mbadala jitolee kuifanya we mwenyewe.

Wapo wanaosema haijaisha. Hawa wanaogopa aibu, tuseme ukweli. Muonyeshe kwamba demo sio gemu. Muombe kona moja, lile shamba la migomba tu, kamera inatembea, kitufe cha kuwasha na kuzima vivuli, namba ya fremu (picha ngapi kwa sekunde) juu kushoto, basi. Kampuni ya gemu ya Crytek walionyesha video ya demo yao ya Neon Noir Machi 2019, miale ya mwanga inapigwa bila kadi ya grafiki yenye vifaa maalum vya hiyo kazi, na Novemba mwaka huo huo wakaiachia bure kila mtu apime kadi yake nyumbani. Haikuwa gemu, haina adui wala hatua za kupita, na ilitosha. Ukipima mwenyewe unaamini, video inabaki kuwa video.

Ila kizuizi kikubwa kuliko vyote, na wengi hawakisemi, ni usumbufu. Jamaa yuko peke yake, mchana anafanya kazi nyingine, akifikiria watu mia wanamuandikia "kaka haiwaki" anaona bora abaki na video zake. Hapa ndipo unapomshinda kwa vitendo, we na wenzako muwe ukuta wake. Omba toleo la majaribio, likopi kwenye flashi, liwashe kwenye mashine ambayo haijawahi kuwekwa zana zozote za kuandikia programu. Mara nyingi kitu cha kwanza kinachotokea ni ujumbe kwamba VCRUNTIME140.dll, faili ambalo programu inalihitaji ili iwake, haipo, kwake haikuonekana sababu kwake ipo siku zote. Afu jaribu kwenye Intel HD 4000, ile grafiki ya ndani iliyojaa kwenye laptopu za mtumba za 2012 na 2013 pale mjini: kwenye Windows haina Vulkan (njia ya kisasa ya programu kuongea na kadi ya grafiki), kwaiyo kama injini yake ni Vulkan tupu skrini itafunguka na kujifunga bila neno lolote, na hapo unamshauri aweke sentensi moja ya kumwambia mtu kadi yake haifai, au njia ya pembeni ya OpenGL, ambayo ni ya zamani zaidi, akiweza. Angalia kwenye skrini ya 1366 kwa 768 kama menyu haikatiki chini. Angalia lile bango la bluu la Windows la kuonya kwamba mtengenezaji hajulikani, andika maelezo mafupi ya Kiswahili ya kulipita ili asiulizwe yeye. Ukimletea karatasi ya namna hii, anajua hauji kula tu.

Meseji yenyewe iwe fupi. Kama kakuzidi umri anza na shikamoo, afu kitu kama hiki:

"Kaka habari za kazi. Ile video ya shamba nimeirudia sana, ule mwanga unavyobadilika kwenye jani la mgomba ukisogea umeniteka. Naomba kitu kimoja, kona ile ile tu, bila soskodi. Ntaijaribu kwenye laptopu dhaifu za hapa Sakina kabla haijaenda kwa watu, nikuletee kila kinachogoma, na maelezo ya kuiwasha ntaandika mimi. Ukiona haifai pia ni sawa kaka."

Hilo la jani la mgomba usilipuuze. Sifa ya jumla kila mtu anatoa, taja kitu ambacho ni mtu aliyeangalia kweli tu angekiona.

Akianza kulegea ongelea ukubwa. Demo ya giga 6 kwa mtu wa bando la siku ni kama haijaachiwa. Picha za 4096 kwa 4096 kwenye skrini ndogo hazionekani tofauti, akizishusha mpaka 2048 kila moja inabaki robo ya ukubwa, na hapo giga kadhaa zinaondoka bila mtu kugundua. Pa kuweka ni itch.io, tovuti ya kuweka gemu, ni bure na ana uhuru wa kuweka bei ya hiari, au GitHub, tovuti ya kuweka kodi, kwenye sehemu ya matoleo (Releases), ila kule kila faili liwe chini ya giga 2. Msiishie kulirusha Telegramu, linki zinapotea na mtu wa Moshi au Mwanza hatalipata.

Akikupa la majaribio lisitoke kwako. Hata rafiki yako wa karibu usimpe. Likivuja, huyo hatamwamini mtu tena, na wengine wote wanaotengeneza watasikia.

Akikataa kabisa, muombe aje na mashine yake Jumamosi moja sehemu, watu waijaribu mbele yake, afu mwache apumzike. Usimrudie kila wiki.

Na akiachia, siku hiyo mfungue fomu moja ya kupokea matatizo: aina ya mashine, kadi ya grafiki, ramu, toleo la Windows, picha ya skrini na faili la logi (lile linaloandika kilichotokea programu ikiwaka). Mtu akilalamika kwenye grupu bila hivyo vitu, we ndo umjibu umpeleke kwenye fomu, kabla mwenye injini hajaiona.