Namna ya Kuthibitisha Kuwa Jeni Imehama: Mfano wa Kiazi Kitamu

Jeni nyingi hurithiwa kutoka kwa wazazi, lakini baadhi huvuka na kuingia katika kiumbe kisicho na udugu na kile zilikotoka. Mwaka 2015 watafiti walieleza kwamba aina zote 291 za viazi vitamu vya kulimwa walizozipima zilikuwa na kipande cha DNA kilichotokana na Agrobacterium, bakteria wa udongoni, ilhali jamaa za karibu za mwituni hazikuwa nacho. Mwongozo huu unamfaa yeyote mwenye mfuatano wa jenomu, yaani DNA yote ya mmea, anayeishuku jeni fulani kuwa imetoka kwa kiumbe kingine.

Hatua ya 1: Tafuta jamaa za jeni

Chukua mfuatano wa protini badala ya DNA, kwa sababu protini hubadilika polepole zaidi, uulinganishe na hifadhidata ya NCBI, kituo cha Marekani cha taarifa za kibayolojia, kwa programu ya BLAST inayotafuta mifuatano inayofanana. Ondoa jenasi ya mmea wako katika utafutaji, la sivyo orodha itajaa ndugu zake. Wakitokea bakteria watupu juu ya orodha, una sababu ya kuendelea, ila bado huna ushahidi.

Hatua ya 2: Ondoa shaka ya uchafuzi

Usiiharakishe hatua hii hata kidogo. Mwaka huohuo wa 2015 ilidaiwa kwamba takriban asilimia 17 ya jeni za tadigrada, mnyama mdogo mno aishiye penye unyevu, zilitoka kwa viumbe wengine. Wachunguzi wengine wakabaini kwamba nyingi zilikuwa za bakteria waliochanganyika na sampuli.

Anza kwa kutazama majirani: je, jeni hiyo imezungukwa pande zote mbili na jeni za mmea, na je, vipande vilivyosomwa na mashine vinaifunika kwa wingi uleule vinavyowafunika majirani hao? Kisha nenda maabara. Tengeneza praima (kipande kifupi cha DNA kinachoonyesha pa kuanzia kunakili) moja inayoshika ndani ya jeni ngeni na nyingine inayoshika DNA ya mmea iliyo kando yake, ili PCR, mbinu ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi, ivuke kiungo chenyewe, yaani mahali jeni ngeni inapokutana na DNA ya mmea, kwa kuwa bakteria aliyekaa juu ya jani hawezi kuwa na kiungo hicho. Sambamba na hilo, pima jeni za vir, ambazo Agrobacterium huzitumia kuhamisha DNA yake. Agrobacterium huingiza katika mmea kipande kilicho kati ya mipaka yake maalumu, na kwa kawaida jeni za vir hubaki kwenye plasmidi (duara dogo la DNA) ya bakteria. Zikionekana katika sampuli yako, rudia kazi kwa mche uliokuzwa katika chupa safi.

Hatua ya 3: Chora mti wa ukoo

Kusanya protini za bakteria, kuvu na mimea mingi, uzipange sambamba kwa programu ya MAFFT na kuchora mti kwa programu ya IQ-TREE. Jeni ikikaa ndani kabisa ya tawi la Agrobacterium, hoja yako ina nguvu. Ikisimama peke yake, fikiria kwamba huenda ni jeni ya kale iliyopotea katika mimea mingine. Madai ya mwaka 2001 kuhusu jeni za bakteria katika jenomu ya binadamu yalidhoofishwa kwa hoja hiyohiyo.

Hatua ya 4: Linganisha aina mbalimbali

Rudia PCR ya kiungo katika aina nyingine za zao hilo. Kiungo kikiwa palepale katika zote, elekea zaidi kuamini uhamisho mmoja wa zamani. Jeni ikipatikana mahali tofauti, kagua kama kuna transposoni, yaani vipande vya DNA vinavyoweza kuhamahama, pembeni yake, maana hizo huweza kuisogeza ndani ya jenomu baada ya kuingia. Mwisho pima RNA, nakala ambayo jeni hutoa inapofanya kazi, katika majani, shina na mizizi, ili ujue kama mmea unaitumia.